Mwalimu ndani ya simu: mzigo wa mtayarishaji mmoja

Mtu mmoja mwenye kompyuta moja anaweza kutengeneza programu ya simu ya mkononi inayowauliza wanafunzi maswali ya masomo yao na kuwasahihisha papo hapo. Sehemu ya kompyuta huweza kukamilika katika majuma machache. Maswali yenyewe, usahihi wake na uhai wake baada ya mtayarishaji kuchoka ndiyo mambo yanayoamua iwapo mwanafunzi atafaidika au atapotoshwa.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika mitaa kama Rosettenville, nchini Afrika Kusini, ambako watoto wengi wa wahamiaji hujiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari, maarufu kwa jina la matriki, kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao.

Mtaa na shule yake

Rosettenville iko kusini mwa katikati ya jiji la Johannesburg, ng'ambo ya vilima vya mchanga vilivyoachwa na machimbo ya dhahabu. Kwa muda mrefu ulijulikana kama mtaa wa Wareno, na wengi wao waliwasili baada ya Msumbiji na Angola kupata uhuru mwaka 1975. Baadaye waliingia wageni kutoka Malawi, Zimbabwe, Nigeria, Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Miongoni mwa Wacongo hao wamo wanaozungumza Kiswahili nyumbani, Kifaransa walichosomea, na Kiingereza wanachojifunza wakiwa wamekwisha kuingia darasani.

Mnamo Februari 2017 jina la Rosettenville lilienea katika vyombo vya habari pale wakazi walipozichoma moto nyumba kadhaa, wakidai kwamba zilikuwa maficho ya biashara ya dawa za kulevya na ukahaba. Mtaa huo una historia nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ni ya elimu.

Hapo ndipo ilipokuwa Shule ya St Peter's, iliyoendeshwa na watawa wa Kianglikana. Oliver Tambo, aliyekuja kuwa rais wa chama cha ANC, alisoma hapo katika miaka ya 1930. Alirejea mwaka 1943 kufundisha hisabati na sayansi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Duma Nokwe, ambaye baadaye alikuwa wakili na katibu mkuu wa ANC. Mwanamuziki Hugh Masekela naye alisoma St Peter's, na tarumbeta yake ya kwanza aliipata kwa msaada wa Padri Trevor Huddleston, yule yule ambaye wasikilizaji wa Tanzania wanamkumbuka kama Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968.

Serikali ya ubaguzi wa rangi ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu mwaka 1953. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1956, kwa kuwa waendeshaji wake hawakukubali kuwafundisha Waafrika elimu hafifu iliyokusudiwa kuwabakiza katika utumishi. Sheria hiyo iliwanyima watoto walimu wa hisabati waliobobea kwa vizazi kadhaa, na pengo lake bado linaonekana katika shule nyingi za Afrika Kusini. Ndiyo maana fikra ya kumweka mwalimu ndani ya simu ilipata wasikivu mapema nchini humo.

Dr Math

Mwaka 2007, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Rosettenville, katika Taasisi ya Meraka ya baraza la utafiti la CSIR mjini Pretoria, mtaalamu wa programu Laurie Butgereit alianzisha huduma iliyoitwa Dr Math. Wakati huo wanafunzi wachache sana walikuwa na simu zenye uwezo mkubwa. Waliokuwa nazo simu za kawaida walipenda mno MXit, huduma ya kuandikiana ujumbe iliyobuniwa Stellenbosch na kampuni ya Herman Heunis. Ujumbe mmoja wa MXit uligharimu senti chache tu, ilhali ujumbe mfupi wa kawaida, yaani SMS, ulikuwa ghali mara nyingi zaidi.

Wazazi na walimu wengi waliiona MXit kama adui wa masomo. Butgereit aliufuata mkondo wa pili: kama watoto wako humo, hisabati nayo iende humo. Mwanafunzi aliandika swali lake la kazi ya nyumbani, na upande wa pili mkufunzi wa kujitolea, mara nyingi mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Pretoria, alimwongoza hatua kwa hatua bila ya kumpa jibu.

Mradi ulikusudiwa watoto wachache. Habari zilienea shuleni kwa mdomo, na katika miaka michache waliokuwa wameitumia huduma hiyo walifikia makumi ya maelfu. Wakufunzi hawakutosha. Hapo ndipo yalipoongezwa mashindano na michezo ya hesabu ambayo kompyuta iliweza kuiendesha yenyewe, ili mtoto aliyekosa mkufunzi asiondoke mikono mitupu.

Dr Math inaonyesha jambo la msingi kwa kila mtayarishaji anayefanya kazi peke yake. Programu ilianza kwa juhudi za mtu mmoja, lakini ilidumu kwa sababu watu wengine walibeba sehemu ya ualimu.

Swali moja, majibu manne

Programu ya chemsha bongo, ikitazamwa kwa ndani, ina vitu vitatu: ghala la maswali, kanuni ya kuchagua swali linalofuata, na daftari la kumbukumbu za mwanafunzi. Mtayarishaji chipukizi huvutiwa na sura ya programu, rangi zake na milio yake. Wenye uzoefu huanzia kwenye ghala.

Chukua mfano wa swali hili: bei ya mkate ilikuwa rand 16, ikapanda kwa asilimia 25. Bei mpya ni ngapi? Jibu sahihi ni rand 20. Mwandishi asiyefikiri sana ataongeza majibu matatu ya kubahatisha, kama vile 19, 21 na 22. Mwanafunzi akikosea, hakuna kinachojulikana zaidi ya kwamba amekosea.

Mwandishi makini ataweka rand 4, rand 12 na rand 41. Aliyechagua 4 amepata ongezeko, akasahau kulijumlisha na bei ya zamani. Aliyechagua 12 amepunguza badala ya kuongeza. Aliyechagua 41 amejumlisha 25 na 16 kana kwamba asilimia ni rand. Kila kosa lina chanzo chake, na programu inaweza kumpa kila mmoja maelezo yanayomhusu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupima na kufundisha.

Kuna pia suala la bahati. Katika maswali 20 yenye majibu manne kila moja, mtu asiyejua lolote atapata wastani wa majibu 5 sahihi kwa kubahatisha tu. Programu inayomsifu mwanafunzi kwa asilimia 25, au hata 30, huenda inasifu bahati yake.

Hesabu ya muda nayo inafaa kufanywa mapema. Ikiwa swali moja lenye maelezo kamili linahitaji dakika 15, maswali 1,000 yanahitaji saa 250. Kwa mtu anayefanya kazi nyingine mchana na kutenga saa mbili kila usiku, hizo ni siku 125 mfululizo, yaani zaidi ya miezi minne, kabla ya kuyapitia tena kutafuta makosa.

Na makosa hayakosekani. Likikosewa jibu moja tu katika kila mia, maswali 1,000 yatakuwa na majibu 10 ya uongo. Mwanafunzi aliyepata jibu sahihi ataambiwa amekosea, na kwa kuwa huiamini mashine kuliko nafsi yake, ataubadilisha ukweli aliokuwa nao na kwenda na kosa hilo katika chumba cha mtihani. Mwalimu akikosea ubaoni, yupo mtoto atakayenyoosha mkono. Programu isiyokuwa na mahali pa kulalamikia swali huwanyima wanafunzi nafasi hiyo.

Hatari hiyo imeongezeka kwa kuwa sasa akili mnemba inaweza kutunga mamia ya maswali kwa dakika chache. Kasi hiyo haiondoi kazi ya kuhakiki. Inaikusanya yote mikononi mwa mtu yule yule mmoja. Njia iliyo salama zaidi ni kuanzia kwenye mitihani ya miaka iliyopita, ambayo Idara ya Elimu ya Msingi ya Afrika Kusini huiweka katika tovuti yake pamoja na mwongozo wa usahihishaji, na kuangalia kwanza masharti ya kuitumia.

Kusahau na kukumbuka

Kwa nini maswali badala ya kusoma daftari mara ya pili? Utafiti wa wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, uliochapishwa Marekani mwaka 2006, ulitoa jibu lililo wazi. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari, kisha baadhi wakakisoma tena na wengine wakajipima kwa kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Baada ya juma moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42.

Mwanzilishi wa uchunguzi wa aina hiyo ni Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alieleza jinsi mtu anavyosahau haraka mwanzoni kisha polepole. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alipendekeza njia rahisi ya kupambana na hali hiyo, yenye kutumia kadi na visanduku. Kadi iliyojibiwa sawasawa husogezwa kwenye kisanduku cha mbele, kinachofunguliwa kwa nadra zaidi. Iliyokosewa hurudishwa kisanduku cha kwanza na kuulizwa tena kesho.

Kwa mtayarishaji wa programu, kanuni ya Leitner ni mistari michache tu. Kila swali hupewa namba ya kisanduku na tarehe ya kuulizwa tena. Programu nyingi za kibiashara hutumia hesabu ngumu zaidi, lakini kwa mtu mmoja anayeanza, visanduku vitano vinatosha, na faida yake ni kwamba hata mwanafunzi mwenyewe anaweza kuielewa.

Gharama ya megabaiti

Programu nzuri isiyofunguka bila ya intaneti haimsaidii mtoto asiyekuwa na salio. Mwaka 2019 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilihitimisha uchunguzi wake kuhusu bei za intaneti ya simu na kuzitaka kampuni kubwa zipunguze bei. Mwaka uliofuata Vodacom ilishusha kifurushi chake cha gigabaiti moja cha siku 30 kutoka rand 149 hadi rand 99. Hata baada ya punguzo hilo, katika nyumba inayohesabu nauli za teksi kila asubuhi, megabaiti ni kitu cha kugombaniwa.

Habari njema ni kwamba maandishi ni mepesi. Swali lenye majibu manne na maelezo yake linaweza kuwa na herufi zipatazo 800. Maswali 1,000 ni herufi laki nane, ambazo hazifiki megabaiti moja. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa mara nyingi huzidi hapo. Kwa hiyo ghala lote linaweza kuhifadhiwa ndani ya simu tangu siku ya kwanza, likapata marekebisho pale tu mtumiaji anapopita mahali penye mtandao wa bure. Uzito huletwa na picha, sauti na matangazo ya biashara.

Katika miaka ya 2022 na 2023, ambapo migawo ya umeme ilizidi nchini Afrika Kusini na minara ya simu kuzimika mara kwa mara, programu zinazofanya kazi bila ya mtandao zilithibitisha thamani yake.

Kenya ilichukua njia nyingine. Eneza Education, iliyoanzishwa na mwalimu Mmarekani Toni Maraviglia pamoja na mtaalamu wa programu Mkenya Kago Kagichiri, ilipeleka maswali ya mitaala kwa SMS, kwa hiyo simu ya kawaida kabisa ilitosha. Mtoto wa kijijini alitumiwa swali, akajibu kwa herufi moja, akapokea maelezo. Tanzania nayo ina Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, ambayo hutoa masomo ya sekondari kwa kufuata mtaala wa nchi hiyo. Katika mfano wa Eneza, tangu mwanzo walikuwapo wawili: aliyejua darasa na aliyejua kompyuta.

Koma, nukta na lugha

Mtayarishaji anayefanya kazi peke yake huwa hana wa kumwonyesha asichokiona. Mfano mdogo ni koma. Katika shule za Afrika Kusini, kama ilivyo kwa Wacongo waliosoma kwa Kifaransa, mbili na nusu huandikwa 2,5. Lugha nyingi za kompyuta zinatarajia 2.5 yenye nukta. Programu isiyoandaliwa kupokea namna zote mbili itamwambia mtoto aliyepata jibu kwamba amekosa, na mtayarishaji huenda asijue kamwe, kwa kuwa yeye mwenyewe kila alipojaribu aliandika nukta.

Lugha ni mtihani mkubwa zaidi. Mtoto aliyehamia kutoka Lubumbashi au Bukavu anaweza kuijua hesabu vizuri na kushindwa na maneno ya swali, hasa yale madogo yanayobeba maana ya isiyopungua, isiyozidi na isipokuwa. Kumtafsiria kila kitu hakumsaidii, kwa sababu mtihani wenyewe hautatafsiriwa. Kinachosaidia ni kuliacha swali katika lugha ya mtihani na kuweka maelezo ya kosa katika lugha anayoifahamu. Hivyo mtoto hujifunza hesabu na msamiati wake kwa pamoja.

Serikali ya Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 nia ya kukiruhusu Kiswahili kufundishwa kama somo la hiari. Kwa wazazi wa Rosettenville wanaozungumza lugha hiyo, hata hivyo, haja ya karibu zaidi ni mtoto kuielewa hisabati anayofundishwa sasa.

Sheria na duka

Programu ikikamilika, yapo masharti. Kujisajili kama mtayarishaji katika duka la Google hugharimu dola 25 mara moja tu. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Tangu Novemba 2023 Google iliwataka wenye akaunti mpya za binafsi wawe kwanza na watu 20 wanaoijaribu programu kwa siku 14 mfululizo, idadi iliyopunguzwa hadi 12 mwezi Desemba 2024. Wengi hulalamikia sharti hilo. Kwa programu ya masomo ni fursa: watu 12 hao wanaweza kuwa darasa moja la jirani, na mwalimu wao.

Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, POPIA, ilianza kutekelezwa kikamilifu Julai 2021. Inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kwa kawaida taarifa zake haziwezi kukusanywa bila ya idhini ya mzazi au mlezi. Kwa mtu asiyekuwa na mwanasheria, njia nyepesi ni kutokusanya kitu. Jina, picha na namba ya simu havihitajiki ili kumuuliza mtoto bei ya mkate. Alama zake zinaweza kubaki ndani ya simu yake. Dr Math nayo iliwazuia wakufunzi na wanafunzi kubadilishana taarifa binafsi, na mazungumzo yao yaliwekwa kumbukumbu kwa ajili ya usalama.

Baada ya mtayarishaji

MXit ilifungwa baada ya vijana kuhamia WhatsApp na huduma nyingine. Kila huduma iliyojengwa ndani yake ilipoteza mlango ambao wanafunzi waliuzoea. Leo hii programu iliyo katika duka la Google isipofanyiwa marekebisho ya mara kwa mara ili kwenda na matoleo mapya ya Android, huacha kuonekana kwa wenye simu mpya. Mtayarishaji akipata kazi ya kudumu, akiugua au akihama, mwalimu aliyemo ndani ya simu hutoweka pamoja naye, pengine majuma machache kabla ya mtihani.

Kinga yake inawezekana tangu siku ya kwanza. Maswali yaandikwe katika jedwali la kawaida, mbali na programu yenyewe, ili mwalimu asiyejua kompyuta aweze kulifungua, kulisahihisha na hata kulichapisha kwenye karatasi. Yapewe leseni inayowaruhusu wengine kuyatumia. Hivyo ndivyo walivyofanya Siyavula wa Cape Town na vitabu vyao vya hisabati na sayansi, ambavyo mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilivichapa na kuvisambaza mashuleni. Kwa kuwa leseni yake ilikuwa wazi, hakuna aliyehitaji kuanza upya.

Kwa mtu mmoja katika chumba cha kupanga huko Rosettenville, hilo lina maana ya hatua ndogo kuliko ndoto yake ya mwanzo: maswali 100 ya mada moja ya darasa moja, yaliyosomwa na mwalimu mmoja wa hisabati na kujaribiwa na wanafunzi 12, kabla ya kufikiria maswali 1,000. Milango ya St Peter's ilipofungwa mwaka 1956, hisabati ya Oliver Tambo ilibaki kwa waliokuwa wameketi mbele yake. Programu ya simu nayo itapimwa kwa kile kitakachobaki kichwani mwa mwanafunzi siku ambayo haifunguki tena.